Brashi ya mkono au ya hewa: kupaka modeli kwenye hewa ya Tanga

Anayeanza kupaka modeli za plastiki hapa Tanga huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: ninunue brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, au nibaki na brashi ya mkono? Majibu mengi anayokutana nayo yametoka kwa watu wa nchi za baridi, ambao umeme wao haukatiki na hewa ya chumbani kwao ni kavu. Hapa pwani mambo matatu huamua mapema kuliko ustadi wa mkono: unyevu wa hewa, umeme, na rangi ipi inaweza kukufikia. Yaliyomo humu tumeyapata kwa kupaka, kukwangua na kupaka tena, kwenye magari ya 1:24 (yaani yaliyopunguzwa mara 24), ndege za 1:72 na 1:48, na majahazi ya mbao. Tunayaandika ili mwingine asitoe pesa yake bila kujua anaingia wapi.

Uamuzi unaanzia kwenye rangi. Rangi za mafuta za vikopo, kama zile za Humbrol, na rangi za laka hushika moto kirahisi, kwa hiyo kwenye usafiri wa ndege zinahesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Hata akriliki za Tamiya zina spiriti ndani, nazo huangukia humo humo. Rangi kama hizi zikija huja kwa meli, na kusubiri meli ni subira ya kweli. Akriliki za maji, mfano Vallejo, hazina kikwazo hicho. Zinakuja kwenye vichupa vya kudondoshea vya ml 17 au 18, na kichupa kimoja kinatosha magari kadhaa.

Sasa angalia tabia zake. Vallejo ya kawaida, ile iitwayo Model Color, imetengenezwa kwa ajili ya brashi ya mkono. Inalala vizuri, haina harufu kali, na brashi inaoshwa kwa maji ya bomba. Ukiiweka kwenye brashi ya hewa inataka kuzimuliwa kwa uangalifu, na kwenye joto letu inakauka kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya brashi hiyo hata kabla hujamaliza mlango wa gari. Tamiya ni kinyume chake. Ukiipuliza inatoka laini ajabu, lakini ukiipaka kwa mkono, spiriti iliyomo kwenye mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, inayeyusha mkono wa kwanza na kuuburuta. Wako wanaojiona hawana kipaji kumbe wameshika rangi isiyofaa kifaa chao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue kifaa gani, uliza ni rangi ipi utakayoweza kuipata mwaka mzima. Ya maji inakupeleka kwenye brashi ya mkono, ya spiriti inakupeleka kwenye brashi ya hewa.

Neno moja kuhusu thina ya gereji. Ipo kila duka la rangi za magari Ngamiani, hapa mjini, ni rahisi, na kishawishi chake ni kikubwa. Thina hiyo ni ya laka, inakula plastiki ya modeli, ambayo ni polistirini. Itone tone moja kwenye kipande kilichobaki cha fremu, ule mtandao wa plastiki unaoshika vipande vya modeli, uone: uso unakuwa mweupe, unapasuka nyufa ndogo ndogo, na ukiubonyeza kwa ukucha unaingia. Tumia thina hiyo kuoshea vyuma tu. Kwa kuzimua Tamiya, kama thina yake mwenyewe X-20A haipatikani, isopropili ya duka la dawa inafaa. Epuka spiriti ya vidonda iliyoongezwa mafuta, kwa sababu mafuta yake yanabaki kwenye rangi na rangi haishiki.

Modeli ya kwanza tunashauri ipakwe kwa mkono, hata kwa mwenye pesa ya kompresa. Brashi tatu zinatosha: bapa ya nyuzi za sintetiki yenye upana wa mm 8 hadi 10, ya duara namba 2, na ya duara namba 0. Osha fremu nzima kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kukata kipande chochote, maana kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo hubaki juu yake. Halafu usiishike kwa vidole vitupu. Jasho la hapa kwetu ni mafuta na chumvi, na alama ya kidole iliyofunikwa na rangi hujitokeza baadaye rangi inapobanduka na utepe. Glavu nyembamba za hospitali zinamaliza tatizo.

Baada ya kuosha na kukausha, praima, yaani rangi ya msingi. Praima ya maji inapakika kwa mkono, mikono miwili myembamba, na ipewe usiku mzima. Hapo ndipo pa kugundua mikwaruzo na mapengo ya gundi. Msasa namba 600, kisha 1000, kisha praima kidogo tena mahali palipoguswa.

Zima feni. Hili ni gumu mwezi wa pili Tanga, lakini feni inakausha rangi kwenye brashi, kwenye sahani na kwenye modeli kwa pamoja, na michirizi yote ya brashi inabaki ilipo badala ya kujilaza. Pia usimimine rangi kwenye sahani kavu. Chukua mfuniko wa kontena la plastiki, tandika tishu iliyoloa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi ikae juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapenya kutoka chini na rangi inadumu hai kwa saa nyingi. Ukifunika na kontena lenyewe, kesho yake bado inapakika.

Zimua kwa matone 2 ya maji safi kwa matone 5 ya rangi, uongeze tone moja la kichelewesho, dawa inayochelewesha rangi kukauka, kama joto ni kali. Chovya theluthi ya nyuzi tu, futa upande mmoja kwenye ukingo, halafu paka kutoka kati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, rangi inakusanyika ukingoni na kufanya kishungi.

Sasa boneti ya Land Rover nyeupe ya 1:24, kipande cha sentimita kama 5, bapa na kisicho na pa kuficha kosa. Mkono wa kwanza unatisha. Kijivu cha praima kinaonekana, kuna madoa, kuna mistari. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia palepale rangi ikiwa nusu mbichi. Brashi inabandua ngozi iliyoanza kukauka na kuacha kidonda ambacho hakizibiki kwa kuongeza rangi. Uache. Kiangazi nusu saa inatosha, masika mpe saa nzima au zaidi. Mkono wa pili upite kukata ule wa kwanza: kama wa kwanza ulikwenda kwa urefu, wa pili uende kwa upana. Mkono wa mwisho ufuate mwelekeo ambao kitu chenyewe kingechafuka au kupigwa na upepo, yaani mbele kwenda nyuma kwenye boneti na mabawa ya ndege, juu kwenda chini kwenye milango. Michirizi midogo inayobaki itasomeka kama uchakavu wa kweli.

Nyeupe juu ya kijivu inataka mikono 5 au 6. Ukitanguliza rangi ya krimu iliyopauka, mikono 3 ya nyeupe inafunika. Ni hivyo hivyo kwa njano, itangulize nyeupe, na kwa nyekundu, itangulize waridi. Kabla ya mkono wa mwisho pitisha msasa namba 2000 uliolowa, taratibu sana, kuondoa vivimbe. Bodi nzima ya gari nyeupe kwa njia hii si kazi ya jioni moja. Lakini matokeo yake, kwa macho ya mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwenye kabati, hayana aibu yoyote.

Brashi ya mkono inashindwa wapi? Kwenye bodi ya gari inayong'aa kama imetoka kiwandani, kwenye mabaka ya kijeshi yenye kingo zinazofifia, na kwenye ndege ya 1:72 ambayo mistari yake ya maungio ya mabati ni midogo kiasi kwamba mikono 5 inaijaza na kuizika. Kama hizo ndizo modeli unazozipenda, utafika mahali brashi ya hewa ni lazima. Kama unapenda magari ya kazi, vifaru vya rangi moja, watu, au vyombo vya baharini, unaweza kukaa na brashi ya mkono maisha yako yote bila kupungukiwa.

Pesa sasa. Brashi ya hewa ya Kichina yenyewe si ghali, na hapo ndipo mtego ulipo. Kinachokula pesa ni vilivyo nyuma yake: kompresa yenye tangi, regyuleta ya presha yenye geji, mtego wa maji, mpira wa kupitishia hewa, barakoa ya vichungi, na dawa za kuoshea. Seti ya kompresa ndogo yenye tangi la lita 3 ni takriban dola 100 za Marekani ikiwa bado huko ilikotoka. Ina uzito wa kilo 5 hivi, kwa hiyo usafiri wa ndege unaweza kukaribia bei yenyewe, na juu yake kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Hakikisha imeandikwa volti 220 hadi 240, hezi 50. Ya volti 110 itaungua siku ya kwanza. Chagua brashi yenye kikombe juu, pua ya mm 0.3, na kitufe cha kazi mbili, yaani ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inatoka rangi. Agiza papo hapo pua na sindano za akiba pamoja na vipete vyake vya mpira. Pua ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Ikidondoka sinki imekwenda, na modeli inasimama mpaka nyingine ije.

Kompresa isiyo na tangi usinunue. Hewa yake inatoka kwa mapigo na mapigo hayo yanaonekana kwenye mstari wa rangi, na inafanya kazi muda wote bila kupumzika, kwa hiyo inachemka haraka zaidi kwenye joto letu.

Baada ya hapo ndipo unapokutana na maji. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu kabisa hubeba gramu 30 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Unyevu ukiwa asilimia 80, ambao kwetu si jambo la ajabu, ni gramu 24. Kompresa ikiibana hewa hiyo mpaka bar 4 za geji, yaani juu ya presha ya kawaida ya hewa, ujazo wake unabaki sehemu moja ya tano, na ikishapoa inaweza kushikilia gramu 6 tu za ule unyevu. Gramu 18 nyingine zinageuka maji ndani ya tangi na mpira. Brashi ya hewa hutumia lita 10 hadi 15 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ya kupuliza inazaa maji karibu kijiko cha mezani. Unapulizia bawa, kila kitu kizuri, ghafla pua inatema tone, na rangi mbichi inatawanyika na kuacha duara tupu katikati.

Mtego wa maji unaokuja na kompresa umefungwa pale pale kwenye regyuleta, na hapo hewa bado ni ya moto, haijatoa maji yake yote. Unyevu unapita mtego salama, unapoa ndani ya mpira, unageuka maji mbele ya mtego. Dawa yake ni mpira mrefu, mita 3 badala ya moja na nusu, uliolala sakafuni ili upoe, na mtego wa pili mdogo karibu na mkono, kabla tu ya brashi. Mtego huo wa mkononi ndio pesa ndogo yenye faida kubwa kuliko zote. Kila ukimaliza kazi fungua skrubu chini ya tangi, liinamishe, maji yatoke yakiwa na kutu yake. Masika, hasa mwezi wa nne na wa tano, puliza kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa mchana, siku isiyo na mvua, na usipulize alfajiri hata kama ndipo nyumba ilipo tulivu.

Umeme ukikatika, tangi la lita 3 lenye bar 4 linakupa lita 8 tu za hewa ya kazi, hazifiki hata dakika moja. Zitumie kuosha brashi. Achana na bawa. Rangi ikikauka ndani ya pua wakati unasubiri umeme, utaifungua yote kwa vipande. Wapo wanaotumia tairi la akiba la gari kama tangi: linajazwa kwa mtu wa matairi, linafungwa kiunganishi, linatoa dakika tatu nne za kazi bila kelele. Inafaa kwa modeli ndogo. Wengine hutengenezewa kompresa na fundi friji kutokana na mashine ya friji kuukuu. Ni tulivu sana, majirani hawasikii, lakini inalainishwa kwa mafuta, na chembe ya mafuta ikipita rangi inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo. Inataka kichungi cha mafuta na vali ya usalama, na fundi akikwambia vali si lazima, tafuta fundi mwingine.

Kuzimua kwa ajili ya kupuliza: Tamiya nusu kwa nusu na thina yake. Vallejo ya kawaida anza na sehemu 2 za rangi kwa moja ya thina yake, ongeza kidogo kidogo. Uzito unaotafutwa ni wa tui la pili: ukilitikisa kwenye kikombe linapanda ukutani na kushuka likiacha utando mwembamba. Presha psi 15 hadi 20, yaani bar 1 hadi 1.4, isomwe huku hewa inatoka, maana ukiachia kitufe geji inapanda na kukudanganya. Umbali sentimita 7 au 8. Anza hewa kabla ya rangi, na ukimaliza funga rangi kabla ya hewa. Anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake, maliza nje yake. Ukisimama juu ya kipande, utamwaga.

Rangi ikitoka na miguu ya buibui, ni nyepesi mno, au presha ni kubwa, au umesogea karibu mno. Ikitua kama vumbi la kukwaruza, inakauka angani: sogea karibu, punguza presha, ongeza kichelewesho. Hili ndilo la kwetu hasa, joto linalifanya litokee mara nyingi. Uso ukiwa wa ganda la chungwa, rangi ni nzito. Mapovu kikombeni maana yake hewa inarudi nyuma: pua imelegea, imepasuka, au uchafu umeziba mbele. Rangi ikipinda upande mmoja, ncha ya sindano imepinda. Ilaze kwenye msasa namba 2000 karibu bapa, izungushe huku unaivuta nyuma, mpaka ncha isikwaruze ukucha.

Kuosha kunachukua muda kuliko kupuliza, na anayechukia kuosha asinunue. Kila ukibadili rangi, mwaga, futa kikombe, puliza kioshi mpaka kitoke cheupe. Mwisho wa siku toa sindano, ifute kuelekea nchani, safisha pua kwa kijiti laini. Thina ya gereji inaosha chuma vizuri, lakini vipete vya mpira wa kawaida vinavimba ndani yake, kwa hiyo vitoe kwanza.

Kuhusu kifua, hapa hatutaki mzaha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Kwa laka na rangi za mafuta vaa barakoa ya vichungi vya mvuke, puliza barazani au dirishani upepo ukitoka mgongoni kwako, na mkaa au jiko la gesi viwe mbali. Watoto wakae nje ya chumba.

Hata ukishapata brashi ya hewa, ya mkono haistaafu. Bodi inapulizwa. Viti, usukani, taa, vitasa, kutu na tope vinapakwa kwa mkono. Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa chini yake, la sivyo hewa inanaswa kwenye ukwaru na stika inaonekana na ukungu wa fedha. Vanishi ya kung'aa kwa brashi bapa, pito moja bila kurudi, inatosha kabisa. Vanishi ya kopo la kupuliza iliyo ya laka usiiguse siku ya mvua: inapokauka inaupoza uso, unyevu unatua juu yake, na modeli nzima inafunikwa na utando mweupe wa maziwa. Ikitokea, mara nyingine vanishi hiyo hiyo ikipulizwa kidogo siku kavu inaurudisha uwazi.

Majahazi ya mbao naona hayastahili kupulizwa. Chombo chenyewe hakikupulizwa. Kilipakwa kwa mkono, mafuta ya sifa, yatokanayo na maini ya papa, juu, chokaa iliyochanganywa na shahamu chini ya mstari wa maji kuzuia wadudu wanaokula mbao, na modeli yake inapendeza ikionyesha hivyo. Ziba vinyweleo kwa sanding sila, msasa 400, halafu akriliki nyeupe isiyong'aa kwa brashi bapa ikifuata urefu wa mbao. Mstari wa maji usiuchore kwa macho. Simamisha jahazi likiwa sawa, funga penseli juu ya kibao cha kimo unachotaka, kizungushe kibao mezani huku ncha ikigusa ubavu. Mstari utapanda na kushuka kufuata umbo la chombo, na kutoka pembeni utaonekana umenyooka. Weupe usiwe safi sana: tia tone la kahawia kwenye matone 10 ya nyeupe, na karibu na mstari wenyewe pitisha kijani kilichozimuliwa mno, pale mwani unaposhika.